Jumamosi ya Bati na Mishikaki

Tanga bati halizeeki kwa miaka, huzeeka kwa upepo. Bati lililoezekwa Lushoto huko milimani laweza kuwakuta wajukuu, lakini bati hilohilo likiletwa huku pwani, chumvi ya bahari hulitafuna taratibu, na masika ya mwaka fulani yakifika yanakuta matundu. Nyumba yetu ipo upande wa mji unaosikia honi za meli. Marehemu baba aliiezeka kwa geji 30, kwa kuwa geji 28 ilimshinda bei. Anayejua bati anajua kwamba namba ikipungua unene unaongezeka. Baba alijua pia, ila mshahara wa mwalimu nao una geji yake.

Nilirudi kuishi katika nyumba hiyo baada ya miaka mingi ya kupanga Dar es Salaam. Mpangaji ana akili moja: kitu kikiharibika anampigia simu mwenye nyumba, kisha analalamika. Sasa mwenye nyumba nikawa mimi, na wa kumpigia hakuwepo. Dari ya sebuleni imejichora ramani ya kahawia, koki ya bafuni inadondosha usiku kucha, ukuta wa chumba cha uani umebanduka lipu hadi usawa wa goti, na mlango wa mbele haufungi mpaka uusukume kwa bega. Nikaita fundi. Akaja, akasimama sebuleni, akatazama juu, akavuta pumzi, akasema, "Dada, hapa ni kubomoa bati lote."

Ami alikuwa amekaa kibarazani akisikiliza. Huyu ni mdogo wake baba, mstaafu wa karakana ya reli, ile reli ambayo Wajerumani walianza kuitandika kutoka Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Alimsikiliza fundi hadi mwisho, akamshukuru kwa adabu, akampa nauli. Alipoondoka akanigeukia. "Mwanangu, kabla hujamwita fundi, ujue unamwitia nini."

Sikumwelewa mara moja. Nilidhani ananiambia nifanye kila kitu kwa mikono yangu, ili nibane hela. Siyo hivyo. Na niseme mapema kwa wale wanaotaka kujitengenezea nyumba ili waokoe fedha: ukijumlisha spana, brashi ya waya, misumari iliyopinda na muda wako, akiba yenyewe ni ndogo. Faida iko kwingine, na mimi niliipata Jumamosi kwa Jumamosi, asubuhi juu ya bati au chini ya sinki, jioni uani kwenye jiko la kuchomea nyama.

Bati lilikuwa la kwanza. Ami alinikataza kupanda juu na nyundo. Alinipandisha darini kwanza, saa saba mchana, jua liko utosini, akaniambia nizime tochi na nitulie mpaka macho yazoee giza. Darini saa saba Tanga ni adhabu, jasho linaingia machoni, vumbi la miaka linaingia puani. Lakini nilipotulia, vitobo vikajitaja vyenyewe. Kila kimoja kilipenyeza mshale mwembamba wa mwanga. Nikapitisha kipande cha waya katika kila kitobo, ncha itokeze nje, ili nikiwa juu ya bati nisianze kubahatisha. Ile ramani ya kahawia sebuleni ilikuwa karibu mita mbili kutoka kwenye tundu lililoichora. Maji yaliingia upande wa jikoni, yakatambaa juu ya papi, yakakutana na kenchi, yakashuka nayo, yakadondoka pale yalipokuta kichwa cha msumari. Fundi aliyesimama sebuleni akatazama ramani asingeweza kuliona tundu hilo hata angetazama hadi Magharibi.

Juu ya bati tulipanda alasiri jua lilipolegea. Unakanyaga kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo papi ilipo. Ukikanyaga katikati unalibonyeza bati, na bati likibonyea maji hutuama. Nilivaa suruali na raba, kichwani nimefunga kanga. Mtaa ulipata habari. Shangazi, dada yao mkubwa baba na Ami, alitoka uani akashika kiuno: "Mtoto wa kike juu ya bati! Utatuvunjia heshima au utatuvunjia shingo?" Ami akamjibu bila kugeuka kwamba bati halijui mwanamke wala mwanamume, linajua uzito, na mimi ndiye mwepesi.

Hitilafu nyingi zilikuwa za misumari. Msumari wa bati hupigiliwa mgongoni, kwenye tuta la bati, siyo bondeni, kwa sababu bonde ndiyo njia ya maji. Kuna aliyepita huko kabla yetu akapigilia bondeni, tena mingi. Mingine ilikuwa mahali pake, lakini raba ya chini ya kofia ilishaungua kwa jua ikawa inavunjika kwa ukucha. Hiyo tuliing'oa tukaweka mipya iliyo minene kidogo. Vitobo vidogo vya kutu tulivisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, tukapaka lami, tukabandika kitambaa, tukapaka lami tena. Mtaani kwetu dawa inayojulikana ni kuyeyusha mfuko wa plastiki juu ya tundu. Haidumu, na tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini Juni 2019, hata dawa yenyewe imeadimika.

Palibaki uvujaji mmoja uliotusumbua. Ulikuja siku za upepo wa kusi tu. Kaskazi ikivuma, hata mvua iwe kubwa, pakavu. Ami alikaa akafikiri, kisha akanionyesha: bati moja lilipandishwa juu ya jirani yake kwa upande usio sahihi, mdomo wa maungio umeelekea kusi. Upepo ulikuwa unayasukuma maji ya mvua yaingie chini ya bati. Hapo hakuna lami itakayosaidia. Ni kufungua mabati mawili na kuyapishanisha upya, na kazi hiyo inataka watu wawili wenye mikono ya uhakika juu ya kenchi. Tukamwita fundi. Safari hii nilijua ninamwitia nini, na yeye alijua kwamba ninajua. Akataja bei ya mabati mawili.

Koki haina hadithi ndefu. Unafunga valvu, unafungua koki kwa spana, unakuta raba imelika, unaweka nyingine. Watu hukata raba ya kandambili. Inafanya kazi, ila ni laini, na baada ya muda mfupi unarudi kulekule. Raba nyeusi ya dukani bei yake haizidi ya soda. Kilichonikaa kichwani ni hesabu ambayo Ami alinifanyisha kwa kalamu: siku ina sekunde 86,400, na matone kama elfu nne hufanya lita moja. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inamwaga lita ishirini na kitu kwa siku, yaani ndoo nzima na zaidi. Nikakumbuka miaka yote niliyolala nikisikia ule mdondo nikauona ni kelele tu.

Kwenye maungio ya mabomba, mafundi wa leo huzungusha tepu nyeupe. Ami bado anazungusha nyuzi za katani na kuzipaka rangi, kwa hoja kwamba katani ikilowa huvimba na kuziba. Nadhani kuna na mapenzi ya nyumbani humo. Mkonge uliletwa Tanganyika kutoka Florida na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893, uleule reli ilipoanza, na mji huu ulikula na kusomesha watoto kwa mkonge. Mzee wa Tanga akipewa uchaguzi kati ya tepu ya dukani na katani, unategemea achague nini?

Ule ukuta wa chumba cha uani ndio ulionifundisha zaidi. Fundi rangi mmoja alishapendekeza tukwangue, tupige rangi ya mafuta, basi. Ami alikwangua kwa kisu, ukatoka unga mweupe, akaonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Unyevu unapanda kutoka msingini ukiibeba chumvi. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanapotea hewani, chumvi inabaki, inaganda, inasukuma lipu mpaka inabanduka. Ukiipiga rangi ya mafuta unauziba ukuta usipumue, na unyevu haukati tamaa, unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Mwaka unaofuata kilichokuwa usawa wa goti kinakuwa usawa wa kiuno. Ndiyo maana nyumba za zamani za mawe na chokaa, za Pangani na za Mji Mkongwe wa Zanzibar, huugua zikikarabatiwa kwa saruji. Chokaa hupitisha unyevu, saruji huufungia ndani.

Kwa hiyo tulianza nje. Maji ya bati yalikuwa yanashukia palepale kwenye msingi, tukachimba mfereji yaende mbali. Tukabomoa lipu iliyooza, ukuta tukauacha wazi ukauke kwa muda ambao Shangazi aliuona ni wa aibu, wageni wanaona tofali. Fundi uashi alikuja baadaye, na mchanga ulikuwa wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa ufukweni ni wa bure lakini unakuja na chumvi yake. Karai moja la saruji kwa matano ya mchanga, mwiko, pima maji, na shingo iliyopinda kutwa nzima. Niliomba anifundishe kupiga. Alinipa kona moja nyuma ya mlango, akanionyesha jinsi ya kurusha udongo wa saruji kwa kiwiko, siyo kwa bega, akaniacha. Jioni mkono wangu ulikuwa hauwezi kuinua kikombe. Tangu siku hiyo sijawahi kuomba nipunguziwe bei ya lipu.

Fundi akiondoka, kazi haijaisha. Saruji haikomai kwa kukauka. Inakomaa kwa maji, kwa kuwa inashikana nayo ndani kwa ndani, na ikikauka mapema hubaki vumbi lililosimama. Kumwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima ni kazi ya mwenye nyumba. Lipu nyingi zinazolaaniwa mjini, fundi wake alipiga vizuri, mwenyewe ndiye hakumwagilia.

Umeme Ami hakuugusa. Mtu aliyekuwa akifungua injini za treni aliniambia waziwazi kwamba mpaka wa mikono yetu ni balbu na plagi, tena swichi kubwa ikiwa imezimwa. Plagi alinifundisha, kwa sababu aliikuta ya pasi yetu imewekwa msumari mahali pa fyuzi. Fyuzi ya ampea 13 ikiungua imekufa kwa niaba ya nyumba. Anayeweka msumari anasema heri nyumba iungue. Mengine yote, nyaya za darini, sakiti breka, waya wa ardhini, ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na risiti yake inawekwa pamoja na hati ya nyumba. Volti 230 hazina masomo ya majaribio.

Sasa jioni. Ami ana desturi ambayo sikuijua utotoni: aliyeshika kazi Jumamosi, anakula Jumamosi. Kule Upare na Usambaa kuna msaragambo, watu wanatoka pamoja kufanya kazi ya pamoja. Ya Ami ilikuwa ndogo yake, ya uani. Fundi, kijana wake wa kubeba udongo, jirani aliyeazimisha ngazi, wote wanabaki. Lakini kuna sharti, na alilisimamia kwa ukali kuliko yote: fedha ya fundi inalipwa kabla moto haujawashwa, mkononi, imehesabiwa. Nyama si malipo. Amewaona wengi wanaomchinjia fundi kuku kisha wanamwambia tutaonana mwisho wa mwezi, na fundi anakula ile nyama ikimkaba.

Jiko lenyewe alilitengeneza kwa pipa la lita 200 lililokatwa kwa urefu. Sokoni walimletea la petroli kwa bei ya kutupa, akalikataa. Pipa lililobeba petroli hubaki na mvuke wake hata likiwa kavu, na cheche moja ya kukatia au kuchomelea inatosha kulilipua. Alichukua lililobeba mafuta ya kula, na hata hilo alilichoma kwa moto mkali wa makumbi ya nazi mpaka rangi yote ikaisha, ndipo likaonja nyama. Wavu nao ulikuwa na kesi yake. Dukani wanauza wa kung'aa, mzuri kuutazama, umepakwa zinki. Zinki hiyohiyo ndiyo inayolilinda bati letu kule juu dhidi ya kutu, lakini ikikutana na moto mkali hutoa moshi, na wachomeleaji wanaouvuta huamka usiku na homa. Ami akachukua nondo nyembamba zisizopakwa kitu, akazipanga nafasi ya kidole, akampelekea mchomeleaji.

Moto ni wake. Huuwasha kwa vifuu vya nazi na makuti makavu, hakuna mafuta ya taa karibu, kwani nyama inakumbuka. Mkaa huuchagua mkononi: vipande viwili vizuri vikigonganishwa hutoa mlio wa chuma, vibaya hutoa kishindo cha mbao, maana havijaiva. Kuhusu mkaa, najua serikali ina mkakati wa miaka 2024 hadi 2034 wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia, nami naunga mkono. Jikoni kwetu chakula cha kila siku ni gesi. Mkaa umebaki wa Jumamosi, na katika Ramadhani hata huo hulala mpaka Magharibi iadhiniwe.

Halafu anasubiri. Kijana wa udongo, ambaye tangu asubuhi amekula andazi moja, huwa anamtazama kwa uchungu. Miali inapanda, inacheza, inapendeza, na Ami amekaa kwenye kigoda hana habari. Mpaka miali iishe, makaa yavae jivu jeupe, ndipo anayasukuma yote upande mmoja wa pipa na kuacha upande wa pili mtupu. Kisha anaweka kiganja juu ya wavu na kusoma Bismillahi Rahmani Rahim kwa utulivu. Akimaliza bila kuutoa mkono, huo ni moto wa samaki. Ukimfukuza katikati, ni moto wa mishikaki. Wale wa vipimajoto wana chao. Mimi nimejifunza hicho.

Mishikaki ni vipande vya ng'ombe visivyozidi kidole gumba, vimelala kwenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi lililotwangwa. Papai linalainisha nyama kwelikweli, lakini lina mpaka: ukiilaza nyama nalo mchana kutwa inakuwa uji kwa juu, haina meno. Vijiti ni njukuti zilizochongwa na kulowekwa majini ili zisiungue kabla ya nyama. Kipande kimoja cha mafuta kila baada ya viwili vya mnofu. Mafuta yakidondokea kwenye makaa, mwali unaruka, na mkono wa Ami unakuwa umeshauhamisha mshikaki upande mtupu kabla hajamaliza sentensi. Mwali ukitulia anaurudisha. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya nusu ya pipa iliyoachwa bila moto.

Samaki si wake. Samaki ni wa Shangazi, na katika hilo wazee hawa wawili wamegombana tangu kabla sijazaliwa. Changu mzima, amechanjwa ubavuni, ametiwa chumvi, ndimu na pilipili, anachomwa mpaka ngozi inashika. Kisha tui zito lililochemshwa na kitunguu saumu na bizari linapakwa kwa kifagio kidogo cha njukuti, anageuzwa, linapakwa tena, mpaka tui linakauka juu yake na kuwa rangi ya dhahabu iliyoungua pembeni. Ami anataka moto uongezwe. Shangazi anamwambia akaongeze moto wa treni zake. Sinia la kutolea kibichi na sinia la kupokelea kilichoiva ni mawili tofauti, na Shangazi anayachunga kuliko mkoba wake.

Na katikati ya moshi huo ndipo mafundi huongea. Asubuhi fundi ni mfanyabiashara, siri ya kazi ndiyo mtaji wake, hawezi kukufungulia yote. Jioni amelipwa, ameketi, ana ubavu wa mbuzi mkononi, na maarifa yanamtoka yenyewe. Fundi bomba mmoja alikuwa akisikiliza jirani analalamika: tenki limejaa, bomba la jikoni halitoi maji, ameshauriwa anunue pampu. Fundi akacheka, akafuta mdomo. Hewa, alisema. Bomba likitoka tenkini likapanda kidogo kisha likashuka, hewa inakwama pale mgongoni, na maji ya tenki la chini hayana nguvu ya kuisukuma. Chukua mpira, unganisha koki ya maji ya mtaani na ile iliyogoma, fungua zote mbili, hewa irudi ilikotoka. Jirani aliondoka usiku uleule kwenda kujaribu, na kesho yake hakununua pampu.

Asubuhi yake ofisini fundi huyo angetoza kwa ushauri huo, na ingekuwa haki yake. Hakuna aliyemuuliza jioni ile. Kilichomfungua mdomo ni kwamba hakuwa akidai wala kudaiwa. Naamini Ami alilijua hilo siku zote, na sharti lake la fedha kabla ya moto halikuwa la huruma peke yake.

Nimeona pia watu wanavyoipotosha desturi hii. Kuna nyumba ambazo mwenyewe, akishajifunza kubadilisha raba ya koki, anamsimamia fundi mgongoni na kumsahihisha kila nyundo. Huyo hajajifunza kitu. Mimi niliyepiga kona moja ya lipu nyuma ya mlango ninajua vizuri zaidi tofauti kati ya kona yangu na kuta tatu za fundi. Mgeni yeyote akifunga mlango anaiona.

Kinachobaki kusemwa kinahusu mvua, kwa sababu mvua ndiyo inayokutanisha bati na nyama. Mvua za Tanga hazibishi hodi. Mishikaki ipo motoni, wingu linatoka upande wa bahari, na kabla hujatafuta mwavuli matone yanalia juu ya makaa. Jioni moja kijana mmoja mwenye akili nyepesi akashika jiko dogo la mkaa lililokuwa pembeni, akalikimbiza chumba cha uani, akafunga dirisha mvua isiingie. Sikuwahi kumsikia Ami akipiga kelele kabla ya hapo. Alilitoa lile jiko mwenyewe, akalibwaga kwenye mvua na nyama yake yote.

Makaa yaliyoiva hayatoi moshi, ndiyo maana yanadanganya. Yanatoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, inaingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Kinaanza kichwa kuuma, unasinzia, na anayesinzia hafungui dirisha. Huku pwani tunaingiza jiko ndani kwa kukimbia mvua. Kule Lushoto, Njombe na Mbeya watu wanalala na jiko kwa kukimbia baridi.

Basi, msomaji, kama nyumba yako ni ya bati, mwezi wa pili usipite hujapanda darini mchana wa jua kali kutafuta mishale ya mwanga. Masika yakishaanza utakuwa umechelewa na mafundi watakuwa na foleni. Mlipe fundi wako kabla ya kuwasha moto. Na mvua ikiwakuta uani, chukueni nyama mkaimalizie kwenye gesi jikoni. Jiko la mkaa liacheni nje linyeshewe.